Shemeji Atua Mkoba

Baada ya miaka kumi na minne ya kuzunguka nyumba za watu bila likizo, Shemeji, kiboko wa sufu wa chama chetu cha wafumaji, anastaafu rasmi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Sherehe itakuwa fupi. Tumeombana tusilete hotuba, kwa kuwa hakuna aliyebakiwa na nguvu ya kuzisikiliza, na mimi kama katibu nimetwishwa kazi ya kuandika wasifu huu usomwe mara moja, yaishe.

Kwa wageni watakaokuwapo, ni vyema nieleze. Shemeji ni kiboko wa kufumwa, ukubwa wake kama mkate mzima, rangi ya kijivu iliyokwisha kupauka, na macho yake ni vifungo viwili vya koti visivyolingana. Alifumwa na mwanzilishi wa chama, mama ambaye sote tunamwita Mkunga hata sasa ambapo amekwisha kustaafu ukunga. Enzi hizo, wodi ikitulia, alikuwa akifuma kofia za watoto wachanga, na sisi wengine tulijifunzia kwake: wengine tumelazwa, wengine tunasubiri dada zetu wajifungue, wengine ni watumishi wa pale pale. Mabaki ya sufu yalipojaa mfuko, akatengeneza kiboko. Alipoulizwa kwa nini kiboko, alijibu kwamba ndiye mnyama pekee anayependeza bila shingo.

Kisha maisha yakatutawanya. Huyu kahamishwa kikazi, yule kaolewa mbali, mwingine kafuata kazi za ujenzi. Mkunga alipoona chama kinataka kumfia mikononi, alimtia kiboko kwenye mkoba wa turubai, akampeleka ofisi ya vifurushi ya mabasi, akamtuma kwa mwanachama wa kwanza. Kanuni zilikuwa mbili tu. Mwenyeji akae naye mwezi mmoja, na kila siku atume habari zake na picha kwenye kundi letu la simu. Ya pili, kiboko haondoki nyumba yoyote bila nguo mpya iliyofumwa katika nyumba hiyo.

Jina alilipata kwa huyo mwenyeji wa kwanza, mwanamke mshonaji wa mapazia. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Kiboko alipofika, mshonaji akampigia mumewe kazini kwa utani: "Kuna shemeji yako kaja na mkoba. Nimemlaza chumbani, na hajasema anaondoka lini."

"Shemeji?" akasema mlinzi. "Si mmezaliwa wasichana watupu kwenu? Huyo shemeji katoka wapi?"

Simu ikakatika. Mlinzi alimwachia mwenzake lindo, akafika nyumbani na sare zake na rungu mkononi, akaingia chumbani kwa kishindo, akamkuta kiboko kafunikwa shuka hadi kidevuni. Inasemekana alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu kabla ya kuweza kucheka. Tangu siku hiyo jina likaganda, na lilimfaa: alifika bila kualikwa, alikaa mahali pazuri, alivishwa, na hakuwahi kuosha hata kikombe.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri, tusiseme uongo. Alipanda minara ya simu na mwanachama mmoja fundi mitambo. Alihudhuria harusi akiwa na tai. Mama mkwe wa mwenyeji mmoja alimkuta kochini, akamwona mchafu, akamtumbukiza kwenye mashine ya kufulia pamoja na ovaroli za mwanawe. Akatoka amesinyaa na ana rangi ya samawati iliyochukua misimu mingi kufifia. Karani wa vifurushi alipomuuliza mmoja wetu ndani ya mkoba mna nini, akajibiwa kwa unyoofu kabisa, "Shemeji," na akaandika kwenye risiti vivyo hivyo. Baadaye makarani wale walimzoea. Walikuwa wakimweka kwenye kiti cha mbele, si kwenye buti.

Lakini kazi kubwa aliyoifanya si hizo za kuchekesha. Ilimkuta katika mwaka wa tisa.

Mwaka ule zamu ilimfikia mwenzetu mwalimu wa hesabu. Katika chama kizima hakukuwa na mkono kama wake. Vitanzi vyake vilikuwa sawa kama vimepigwa rula, na hatukuwahi kumwona akifumua kazi. Mumewe, fundi wa majokofu, hakutaka kujua habari za sufu. Mkewe akifuma yeye husikiliza redio, na kiboko alimwita "huyo mnyama wenu." Mwalimu alikuwa amemwanzia Shemeji sweta rangi ya damu ya mzee. Kifua kilikwisha, mgongo ulikwisha, mkono mmoja ulikwisha. Wa pili ulikuwa umefika kwenye kiwiko siku ile presha ilipompanda darasani, mbele ya ubao. Hakurudi nyumbani.

Tulikwenda kuzika. Nilipoingia jikoni kutafuta maji, nilimwona Shemeji juu ya jokofu amevalishwa lile sweta. Mkono wa pili ulikuwa unaning'inia na sindano zake, na donge la uzi lilikuwa kando. Hakuna aliyethubutu kugusa.

Aliyefuata kwenye zamu alikuwa mpima ardhi, mwanamke asiye na maneno mengi, anayeishi peke yake ghorofani katika mji alikopelekwa na kazi. Alisubiri matanga yaishe, akasubiri tena, kisha akaniuliza kwa upole kama Shemeji yuko njiani. Ikabidi nimpigie fundi.

"Fundi, pole tena na msiba," nikamwambia. "Samahani, naulizia kuhusu Shemeji."

"Yupo."

"Tunaweza kumtuma mtu aje kumchukua?"

"Hajamaliza kuvaa," akasema. "Si ndiyo kanuni yenu? Haondoki bila nguo?"

Nikamwambia asijali, mkono ule yeyote kati yetu angeumaliza jioni moja tu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sitaki."

"Sasa nani ataumaliza?"

"Mimi."

"Kwani unajua kufuma, Fundi?"

"Sijui. Nitajua." Akakata simu, si kwa ubaya, nilisikia nyuma yake mteja anagonga meza.

Nilipoyafikisha maneno hayo kwenye kundi, moto ukawaka. Wengine walisema aachwe kabisa, hata kama ni milele. Wengine wakauliza chama ni cha wafumaji au cha wafiwa. Mpima Ardhi aliandika ujumbe mmoja ambao watu waliutafuna kwa wiki nzima: "Marehemu alikuwa rafiki yangu pia. Lakini nimesubiri zamu yangu miaka miwili. Zamu ni zamu." Akajibiwa kwamba hana utu. Naye akajibu kwamba utu haupimwi kwa kunyamaza. Wanachama wawili wakajitoa, mmoja upande huu na mmoja upande ule, na wengine tukawa tunafungua simu kwa kusitasita, kama mtu anayefunua sufuria la jana.

Mkunga hakuandika chochote. Alipanda basi.

Alimkuta fundi katika karakana yake, kati ya majokofu yaliyong'olewa milango, amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, anasokota kitu. Alikuwa anajifunza kwa waya wa shaba. Alimwambia Mkunga kwamba uzi unamchanganya kwa sababu ukiukosea unasahau ulikuwa wapi, lakini waya unakumbuka ulipopindwa.

"Sindano ishike kama kijiko, mwanangu," Mkunga akamwambia. "Wewe umeishika kama bisibisi."

"Mikono yangu ndiyo hii, mama."

"Nimeona mikono mibaya kuliko hiyo ikishika vichanga. Kaa hapa."

Alikaa kwa fundi siku chache, kisha akawa anarudi mara kwa mara. Mteja akija na jokofu lisilogandisha, fundi anaweka sindano chini, anapiga kazi yake, anafuta mikono, anarudi kwenye sufu. Alifuma vitambaa vingi vya majaribio ambavyo havikuwa mraba wala mstatili. Ulezi wa Mkunga ulikuwa wa kikungakunga: hakusifu, hakukaripia, alisema tu, "Endelea. Unakuja vizuri." Mvua zikaisha, zikaanza tena. Mpima Ardhi hakuuliza tena, na ukimya wake ulitutia aibu kuliko ujumbe ule.

Siku fundi alipougusa mkono wenyewe, hakufumua hata kitanzi kimoja cha mkewe. Alianzia pale alipoishia. Sweta mtaliona Jumamosi, na hamtahitaji kuonyeshwa: juu ya kiwiko vitanzi vimekaa kama wanafunzi kwenye mstari, chini yake vimejazana kama watu mbele ya dirisha la tiketi.

Hakumtuma kwa mabasi. Alifunga karakana katikati ya wiki, akamchukua Shemeji mwenyewe hadi kwa Mpima Ardhi. Yaliyotokea huko tumesimuliwa na wote wawili, na simulizi zao zinalingana isipokuwa kwenye swali la nani alianza kulia.

Mpima Ardhi alifungua mlango, akamkaribisha, akampa kiti. Fundi akautoa mkoba begani, akamtoa Shemeji, akamweka mezani. Mkono ule wa sweta ulimzidi kiboko, ukalala mezani, ukafika ukingoni, ukaning'inia. Sindano ilikuwa bado imo.

Mpima Ardhi akautazama kwa macho ya kazi yake. "Mkono mrefu huu," akasema.

"Ndiyo, dada. Nilishindwa pa kuishia."

"Mkunga hakukuonyesha kufunga?"

"Alinionyesha. Najua kufunga. Ila nikifika hapo, mikono haitaki." Akamsogezea Shemeji. "Nilisema nikuletee wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unaidai zamu. Nikaona labda wewe utanilazimisha."

Huyu ni mwanamke tuliyemwita hana utu. Alivuta kiti, akakaa ubavuni mwa fundi, si mbele yake, akamshikisha sindano ya pili. "Vuta hiki," akamwambia. "Kipitishe juu ya mwenzake. Kiachie. Haya, kingine." Wakaenda hivyo taratibu, safu nzima. Pale fundi alipokwama hakumpokonya, alisubiri. Chai aliyoipika ikapoa. Kilipobaki kitanzi kimoja akampa mkasi, akageuka kutazama dirishani, maana alijua kuna mambo mtu hapaswi kutazamwa akiyafanya.

Fundi akakata uzi.

Jioni ile Mpima Ardhi alituma kwenye kundi picha ya Shemeji amekaa juu ya vitabu vya ramani, mkono wa sweta umekunjwa mikunjo mitatu. Chini aliandika: "Kafika salama. Kavaa." Mmoja wa wale wawili waliojitoa aliomba kurudishwa. Wa pili hakurudi, na mpaka leo hatumlaumu. Fundi aliandikishwa uanachama mwezi uliofuata, na kwa heshima zote, yeye ndiye mfumaji mbaya kuliko wote tuliopata kuwa nao.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulikuwa na ari mpya. Tulikuwa nayo kwa muda. Kisha uchovu ukaingia taratibu, kama unavyoingia kwenye magoti. Vidole vya Mkunga vilianza kuvimba viungo. Watoto wa watu walikua, wakaja wajukuu. Pamba ya tumboni mwa Shemeji iliteremkia miguuni ikaacha kifua kitupu, na kila aliyempokea alimjaza kidogo bila kumwambia mwenzake. Picha zikawa zilezile: Shemeji kochini, Shemeji dirishani, Shemeji kando ya kikombe. Mwenyeji mmoja alituma picha ya mwaka juzi, na hakuna aliyegundua ila yeye mwenyewe, naye akaumia kwamba hakuna aliyegundua. Wakati mmoja Shemeji alipotelea kituo cha mabasi majuma kadhaa. Alipopatikana tulipongezana, lakini nitasema lililo kweli kwa niaba ya wengi: katika majuma yale tulilala vizuri.

Mkutano wa mwaka huu ulifanyika katika chumba cha nyuma cha duka la mshonaji wa mapazia, kati ya majora ya vitambaa. Shemeji alikuwa juu ya meza ya kukatia. Tulipofika kwenye ajenda ya zamu, nikauliza kama ninavyouliza kila mwaka, "Haya, nani anampokea mwezi ujao?"

Feni ilizunguka. Watu wakakumbuka kwa ghafla kwamba wana vitanzi vya kuhesabu.

"Mimi nina wajukuu," akasema mshonaji. "Watamchana."

"Mimi juzijuzi tu nilikuwa naye," akasema mwingine. Ilikuwa mwaka juzi.

Nikarudia swali. Fundi Majokofu ndiye aliyeweka sindano chini. Katika watu wote, hatukutarajia yeye.

"Jamani, tusidanganyane," akasema. "Kuna mtu humu akiuona mkoba huo mlangoni anafurahi? Mimi roho inanishuka. Nampenda, mnajua ninavyompenda. Lakini nimechoka naye, na nadhani na yeye katuchoka. Mwacheni apumzike."

Mkunga akavuta pumzi ndefu. "Nimesubiri miaka mitatu mmoja wenu aseme hivyo," akasema. "Mimi ndiye mama yake, nisingeweza kuanza."

Tulicheka kwa namna ambayo hatukuwa tumecheka siku nyingi, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo kichwani. Ningefunga ajenda papo hapo. Lakini Mpima Ardhi, ambaye hakucheka, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Naomba niseme moja," akasema. "Mlijiuliza kwa nini mwaka ule niling'ang'ania zamu yangu. Si kiboko niliyekuwa namtaka. Mnajua ninavyoishi. Nikitoka kazini nafunga mlango, basi, mpaka kesho. Ule mwezi Shemeji akiwa kwangu, kila siku mtu alikuwa anauliza, 'Vipi hali huko?' Mnamuulizia yeye, najibu mimi. Mkimstaafisha sawa, nami naunga mkono. Ila nilitaka mjue kinachokwenda naye."

Hapo hakuna aliyehesabu vitanzi. Mlinzi, mume wa mshonaji, aliyekuwa amekuja kubeba viti tu, akajikuta amevua kofia yake.

Ni Mkunga tena aliyelifungua fundo. "Basi tuwe tunakwenda wenyewe," akasema. "Kama kiboko alipakika kwenye basi, hata sisi tunapakika."

Wakaanza kulalamika, kama kawaida yetu. Huyu magoti hayataki, yule nauli, mwingine hawezi kulala kitanda cha ugenini. Mkunga akawaacha wamalize. Mwisho tukakubaliana hivi: zamu zitabaki, ila atakayefika mlangoni ni mtu. Asiyeweza kusafiri atapiga simu, na atauliza hali ya mwenye nyumba, si ya mwanasesere. Shemeji hatapiga safari tena. Atakaa kwa Mkunga, kwenye kabati la sufu, mahali alipozaliwa. Nguo zake nyingine zitarudishwa kwa waliozifuma. Kuhusu sweta la damu ya mzee, tulimtazama fundi, naye akatikisa kichwa. "Si langu," akasema. "Mwacheni nalo. Ni nguo yake."

Zamu ya kwanza ni ya Mpima Ardhi, mwezi ujao. Watakaokwenda ni mshonaji na fundi.

"Mje," Mpima Ardhi akawaambia. "Lakini kwangu ni juu, na ngazi ni nyingi."

"Tutapumzika katikati," akasema mshonaji.

Kwa hiyo, Shemeji, kwa niaba ya wote waliokupokea kwa furaha, waliokupokea kwa kuguna, na waliokuombea upotee kidogo, chama kinakushukuru. Hukuwahi kukataa nyumba. Ulikaa pale ulipowekwa, na watu wakapata sababu ya kusema yale ambayo wasingeyasema wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia sasa itatubidi tuyaseme bila wewe, na tutajaribu, ingawa umri umekwenda na tumechoka. Tunakutakia uzee mtulivu, kabati kavu, na maisha mema yasiyo na nondo walao sufu.